UZI: Programu za kubuni chipu zinaelekea wapi, na zinabana wapi?

#1 Mchora_Saketi (mtoa mada)

Wakuu, kila mtu anaongelea viwanda vya chipu na mitambo ya lithografia (ya kuchapa saketi kwenye silikoni). Programu zinazotumika kubuni chipu zenyewe zinapitwa kimyakimya, wakati bila hizo hakuna binadamu anayeweza kupanga transista bilioni kadhaa na kuzifunga nyaya. Nimeona tuzipe uzi wake.

Soko la programu hizi, zinazoitwa EDA, limeshikwa na watatu. Synopsys ilianza 1986. Cadence ilizaliwa 1988, SDA na ECAD zilipoungana. Siemens EDA ndiyo Mentor Graphics ya zamani, ambayo Siemens iliinunua 2017 kwa takriban dola bilioni 4.5. Zamani watatu hawa walikuwa wakimeza vikampuni vidogo vya programu za chipu. Siku hizi wananunua programu za fizikia. Synopsys ilikamilisha kuichukua Ansys Julai 2025, dili la dola bilioni 35 hivi. Siemens ikaichukua Altair mwaka huohuo kwa karibu dola bilioni 10, na Cadence ilikuwa imeshainunua BETA CAE 2024.

Wapo wanaosema ni tamaa ya ukubwa tu. Mimi sikubali. Chipu ya leo inaweza kuwa sahihi kabisa kimantiki na bado ikafa kwa joto, kwa volti kushuka njiani au kwa kifungashio kupinda. Ukianza kubandika chipleti (vipande vya chipu) juu ya chipleti, joto la ya chini linapita kwenye ya juu, na transista zilizopata joto zinabadili kasi. Programu ya taimingi (inayokagua kama ishara zinawahi saa ya chipu) isiyojua joto inakupa jibu la uongo, tena kwa kujiamini.

Hoja yangu ya kuanzia: kuchora si tatizo tena, shida iko kwenye kuthibitisha. Uchunguzi wa Wilson Research Group na Siemens wa 2024 ulikuta ni 14% tu ya miradi ya ASIC (chipu za kazi maalumu) iliyopata silikoni sahihi kwa mara ya kwanza. Miaka miwili kabla ilikuwa 24%. Na 75% ya miradi ilichelewa. Programu zinazidi kuwa na nguvu huku matokeo yakishuka. Mwenye maelezo ashushe.

#2 Geti_NAND

Mtoa mada umegonga penyewe. Naongeza nyama kwenye uhakiki.

Chukua chipu kubwa nzima: vichakato, kumbukumbu, vidhibiti. Simulesheni ya RTL (kodi inayoeleza chipu inavyofanya kazi) kwenye seva inaweza kutembea mizunguko 100 tu ya saa kwa sekunde. Tuseme kuwasha Linux kunakula mizunguko bilioni 1. Hizo ni sekunde milioni 10, siku 115 na ushee. Kwenye emuleta, mashine maalumu ya kuigiza chipu (Palladium ya Cadence, ZeBu ya Synopsys, Veloce ya Siemens) mwendo ni kama megaherzi 1, kwa hiyo kazi ileile inaisha kwa dakika 17. Ubao wa FPGA (chipu inayopangika upya) ukienda megaherzi 10 unamaliza chini ya dakika mbili, ila ikikwama huoni ndani. Unaona zile ishara ulizochagua kabla ya kujenga, na kujenga upya ni saa nyingi.

Kinachoharibu ratiba ni kupeleka RTL changa kwenye emuleta. Hitilafu ambayo ingenaswa na jaribio dogo la moduli moja inakuja kunaswa kwenye mashine ghali kuliko zote, huku watu wa programu wamepanga foleni.

Halafu kuna hitilafu ambazo simulesheni ya kawaida haizioni kabisa. Kubwa kuliko zote ni ishara inayovuka kutoka saa moja kwenda saa nyingine. Kwenye simulesheni ya RTL flipuflopu, seli inayohifadhi biti moja, hutoa 0 au 1 safi. Kwenye silikoni, data ikibadilika karibu mno na ukingo wa saa, flipuflopu inaning'inia katikati kabla ya kuamua. Programu ya taimingi nayo haisemi kitu, maana njia za aina hiyo huwa zimeandikwa zisikaguliwe. Dawa ya biti moja ni flipuflopu mbili mfululizo upande wa kupokea. Lakini usifanye hivyo kwa basi (kundi la nyaya) la biti 8. Kila biti itaamua kwa wakati wake, na kutoka 7 kwenda 8 unaweza kusoma 15 au 0 kwa mzunguko mmoja. Kihesabu kipeleke kwa kodi ya Gray, ambayo hubadili biti moja tu kila hatua. Data ya kawaida ishikilie bila kubadilika hadi upande wa pili urudishe ishara ya kupokea.

#3 mgeni_wa_RTL

Swali wakuu. Seva za sasa zina kora 64, hadi 128. Kwa nini simulesheni isigawanywe tu?

#4 Geti_NAND

Mkuu, inagawanyika kwa namna mbili tofauti. Ukiwa na majaribio 5,000 yasiyotegemeana, yarushe kwenye kora zote na utafaidi. Jaribio moja refu ndilo sumu. Simulesheni inafuata matukio: tukio hili huzaa lile, na kora ya pili haiwezi kuanza kabla ya kujua ya kwanza imetoa nini. Muda unaliwa na kusubiriana.

Panapogawanyika vizuri ni kwenye hesabu za matrisi: SPICE (simulesheni ya umeme) ya saketi kubwa za analogi, joto, mtandao wa umeme, na kusahihisha umbo la maski za lithografia. Ndiyo maana NVIDIA ilitoa cuLitho 2023 kwa ajili ya maski, na Desemba 2025 ikaweka dola bilioni 2 ndani ya Synopsys. Mwelekeo wa kadi za GPU ni wa kweli, ila usitegemee zifanye kila kitu.

#5 Salio_Hasi

Wacha niguse taimingi, maana ndiko wiki za mwisho za mradi zinakoishia.

Njia moja, saa ya nanosekunde 1.00. Flipuflopu inachukua 0.08 kutoa data, mantiki 0.80, setapu (muda ambao data lazima iwe imetulia kabla ya ukingo wa saa) 0.05, na kutotabirika kwa saa 0.06. Salio ni 0.01. Umepita kwa unywele.

Sasa angalia njia fupi ya jirani: 0.08 ya flipuflopu na 0.02 ya mantiki, jumla 0.10. Holdi (muda wa data kutobadilika baada ya ukingo wa saa) inataka 0.03, na saa inafika kwa mpokeaji ikiwa imechelewa 0.09. Inahitajika 0.12, una 0.10, salio ni hasi 0.02. Tazama vizuri: kipindi cha saa hakimo kwenye hesabu hii. Ukikosea setapu, chipu ikirudi unaipunguzia kasi na maisha yanaendelea. Ukikosea holdi, punguza kasi mpaka usinzie, haitapona.

Dawa ya holdi ni kuongeza bafa (geti la kuchelewesha tu) kwenye njia ya data, lakini bafa hiyo ikiangukia kwenye waya unaotumiwa pia na ile njia ndefu, salio la 0.01 linakufa. Ndio mchezo wa paka na panya unaoitwa kufunga taimingi. Nao hauchezwi mara moja. Hesabu kona, yaani michanganyiko ya hali za kukagua: aina 3 za transista, volti 3, joto 3, hali 5 za waya, hiyo ni 135. Chipu ikiwa na hali 4 za kufanya kazi, unafika 540. Hakuna anayezipiga zote, watu huchagua chache zinazotawala, na hapo ndipo uzoefu unapolipwa. Wengi bado wanaamini kona ya joto kali ndiyo yenye transista za polepole zaidi. Kwa volti ndogo za siku hizi inageuka, baridi ndiyo inayochelewesha. Ukiiacha kona ya baridi kwa mazoea ya zamani, umekwisha.

Na kadiri volti inavyoshuka, tofauti kati ya transista mbili zinazofanana kwenye chipu ileile zinakuwa kubwa. Zamani ulizidisha kila ucheleweshaji kwa asilimia fulani ya tahadhari ukalala. Sasa maktaba za seli (mageti yaliyo tayari) zinabeba jedwali za mtawanyiko kwa kila seli, na mafaili yake ni mazito. Kukagua chipu kubwa nzima bila kuikata vipande kunaweza kudai RAM ya terabaiti.

#6 lango_27000

Mmesahau mateso ya leseni. Hapa ndipo wahandisi wa mifumo tunapoonana.

Programu nyingi hizi zinatumia FlexNet, mfumo wa kugawa leseni. Anayetoa leseni ni michakato miwili: lmgrd, ambao kwa desturi unakaa kwenye bandari (mlango wa mtandao) 27000, na wa muuzaji, kwa mfano snpslmd wa Synopsys au cdslmd wa Cadence. Huyu wa pili usipompangia bandari anachagua yake bila mpangilio kila anapowashwa. Matokeo: unafungua 27000 kwenye ukuta wa moto, lmgrd anajibu, programu inakataa kufunguka, na kila mtu anashangaa. Kwenye faili la leseni, mstari wa VENDOR, ongeza port= na namba unayoitaka, washa upya, kisha fungua bandari zote mbili.

Namba za makosa za kukariri: -4, leseni zipo ila zimekwisha mikononi mwa watu. -5, hicho kipengele hakimo kabisa kwenye faili. -9, kitambulisho cha mashine hakilingani, mara nyingi kadi ya mtandao imebadilishwa au seva ya mtandaoni imepewa anwani mpya ya MAC. -10, muda umeisha. -15, seva haifikiki. Kabla ya kupiga simu kwa muuzaji, endesha lmstat -a uone nani ameshika nini. Mara nyingi ni dirisha la mtu aliyelifungua asubuhi akaenda kwenye vikao. Kwenye faili la options weka TIMEOUT (kurudisha leseni iliyokaa bure), na RESERVE (kutenga leseni) kwa kazi za usiku.

Halafu biashara yenyewe. Leseni hukodishwa kwa muda, mara nyingi miaka miwili mitatu, na wiki ya kupeleka kazi kiwandani unahitaji nyingi kuliko mwaka mzima uliobaki. Ndiyo sababu wauzaji wote sasa wanasukuma wingu na kulipia kwa matumizi. Ni wazo zuri, ila piga hesabu ya data: programu hizi zinaandika mafaili madogo mamilioni, na hifadhi ya mtandao inakwama kwenye kufungua na kufunga mafaili kabla kichakato hakijachoka. Jambo lingine ambalo wahasibu hawalioni: kununua seva za bei nafuu zenye kora za polepole ni hasara, kwa kuwa leseni ni ghali kuliko kora. Kora ikiwa polepole kwa robo, leseni inashikiliwa theluthi zaidi ya muda.

#7 Mchora_Saketi

@lango_27000 hiyo ya mwisho ichapwe ibandikwe ukutani.

Naongezea kitu kinachowafunga watu kwa muuzaji zaidi ya leseni: mafaili ya sheria za kiwanda. Kiwanda huandika sheria za DRC (ukaguzi wa vipimo vya mchoro) na LVS (ukaguzi kama mchoro unalingana na saketi) kwa lugha ya programu fulani, na kwa miaka mingi kipimo cha mwisho kwa viwanda vingi kimekuwa Calibre ya Siemens. Unaweza kuwa na programu nyingine ya haraka mara mbili, lakini kama kiwanda hakijaipitisha kwa teknolojia hiyo, majibu yake hayakusaidii siku ya kukabidhi. Tena mikataba mingi ya leseni inakataza kuchapisha ulinganisho wa programu, kwa hiyo hata kujua ipi ni bora ni maneno ya pembeni.

#8 Tensa_na_Vekta

Wakuu, mbona hakuna aliyetaja AI? Synopsys ilitoa DSO.ai 2020, Cadence ikaja na Cerebrus 2021. Sasa kuna mawakala wa kuandika RTL. Hii kazi ya kuhangaika na kona 540 si inakwenda kufa?

#9 Salio_Hasi

Tutenganishe vitu viwili, mkuu.

DSO.ai na Cerebrus hazibuni chochote. Zinageuza vitufe: msongamano wa seli, juhudi za sinthesisi (kugeuza kodi kuwa mageti), mpangilio wa mti wa saa (nyaya zinazosambaza saa). Kisha zinaendesha mtiririko uleule mara nyingi na kujifunza kipi kilileta nafuu. Hilo linafanya kazi, kwa sababu kila jibu linapimwa na injini ya taimingi ambayo haidanganyiki. Gharama yake ni kompyuta na leseni, kwani mtu mmoja sasa anaendesha mitiririko thelathini badala ya mitatu.

Madai makubwa zaidi yapokee kwa tahadhari. Karatasi ya Google kwenye Nature ya 2021, ya kupanga vizuizi vikubwa (sehemu kubwa za chipu) kwa mashine kujifunza, ilileta ugomvi ambao haujaisha. Kikundi cha Andrew Kahng kule San Diego kilipojaribu kuirudia kiliona mbinu ya zamani ya kutafuta mpangilio, ya kupoza kidogokidogo (simulated annealing), inashindana nayo vizuri tu. Pia kulikuwa na hoja kwamba mfumo ulianza na mpangilio uliotoka kwenye programu ya kibiashara. Google wao wanashikilia msimamo, na wameipa jina AlphaChip.

#10 Geti_NAND

Na kwenye kuandika RTL, hatari haiko kwenye kodi isiyokompaili. Hiyo unaiona mara moja. Hatari ni kodi nzuri yenye kosa la itifaki. Mfano hai: AXI, itifaki ya kuunganisha sehemu za chipu, inasema mtumaji asisubiri READY (mpokeaji yuko tayari) ndipo ainue VALID (data ipo). Mpokeaji yeye anaruhusiwa kusubiri VALID. Mashine ikiandika mtumaji mwenye mstari kama "valid <= ready && ina_data", jaribio litapita vizuri ukimuunganisha na mpokeaji anayeweka READY juu muda wote. Muunganishe na mpokeaji anayesubiri VALID, wote wawili wanasubiriana milele. Chipu imeganda.

Utasema, basi mashine iandike na asesheni (kanuni ambazo kodi lazima itii) za kukagua. Haitoshi. Ikiwa imeelewa vibaya maelezo, itakosea kodi na itakosea kipimo kwa namna ileile, na vitakubaliana. Asesheni ziandikwe na mtu mwingine kutoka kwenye maelezo ya itifaki, kisha zipitishwe kwenye uhakiki wa kihesabu. Kwa hii mifano midogo SymbiYosys ya bure inatosha, inaonyesha mgando huo kwa mizunguko michache.

#11 mgeni_wa_RTL

Hapo kwenye vya bure ndipo pananihusu. Mtu asiye na leseni anafika wapi?

#12 Flopu_Ishirini

Anafika kwenye silikoni kabisa, ila ya nanomita 130 au 180, si ya simu mpya.

Google na SkyWater walifungua kifurushi cha kiwanda (PDK, sheria na modeli za kubunia) cha SKY130 mwaka 2020, GlobalFoundries wakafuata na GF180MCU 2022, na IHP ya Ujerumani wana SG13G2. Upande wa programu: Verilator na Icarus kwa simulesheni, Yosys kwa sinthesisi, OpenROAD kwa kupanga seli na kutandaza nyaya, Magic na KLayout kwa DRC, Netgen kwa LVS, ngspice kwa analogi. LibreLane, mrithi wa OpenLane, inazifunga zote kwenye mtiririko mmoja.

Changamoto ni mbili. Kwanza, nani analipia? Efabless, iliyokuwa mlango mkuu wa kupeleka miundo hii kiwandani, ilifungwa Machi 2025, na miradi iliyokuwa njiani ikabaki hewani. Tiny Tapeout, inayokusanya miundo midogo kwenye chipu moja, ikageukia IHP. Pili, chini ya nanomita hizo vifurushi vya wazi vinavyokwenda kiwandani ni adimu. Ile unayoiona ya nanomita 7, ASAP7, ni ya kufundishia na kufanyia utafiti.

Sasa vitu vinavyokwamisha wanaoanza. Usiweke FP_CORE_UTIL (asilimia ya eneo inayojazwa seli) 80 kwa kutaka eneo dogo. SKY130 ina tabaka tano za metali na moja fupi ya chini, nyaya zitabanana na kitandazaji kitazunguka saa nzima bila kumaliza makosa. Anza na 40 hadi 45, ukiona nafasi ndio upande. Kumbukumbu nayo usiijenge kwa flipuflopu bila kupiga hesabu: seli ya flopu, dfxtp_1, ina upana wa mikromita 7.36 na kimo 2.72, yaani mikromita za mraba 20. Kilobaiti moja ni flopu 8,192, tayari milimita za mraba 0.16, na kwa ujazo wa 50% inakuwa 0.33 kabla hujaweka hata geti la kuchagua anwani.

Makosa ya antena pia yanawatisha watu bure. Waya mrefu wa metali wakati wa kutengenezwa hukusanya chaji, na kama umeungana na geti la transista tu, chaji inatoboa oksidi. Mtiririko huongeza diodi wenyewe. Ikibaki njia moja mbili, weka bafa katikati ya waya ule ili uwe vipande viwili.

#13 Salio_Hasi

Kwa holdi kwenye LibreLane: ongeza PL_RESIZER_HOLD_SLACK_MARGIN (akiba ya holdi baada ya kupanga seli) na ile ya GRT (baada ya kupanga njia za nyaya) kidogokidogo, uangalie eneo na salio la setapu kila mara. Ukiona bafa za holdi zimefika mamia kwenye muundo mdogo, acha kuongeza namba na ukague mti wa saa. Mara nyingi kuna geti mtu amelichomeka kwenye njia ya saa kwa mkono.

#14 lango_27000

Kuna upande wa siasa pia, nao unagusa kazi moja kwa moja. Agosti 2022 Marekani iliweka udhibiti wa kuuza nje programu za kubuni transista za kizazi kipya ambazo geti linazunguka pande zote. Mwishoni mwa Mei 2025 ikawazuia wauzaji kuihudumia China kwa upana zaidi, na mwanzoni mwa Julai ikaondoa zuio hilo. Wiki tano sita tu, lakini zilitosha kuonyesha hatari ilipo: leseni iliyokwisha kulipiwa inaweza kuendelea kufunguka hadi tarehe yake, ila masahihisho, msaada na mafaili mapya ya sheria yanakatika siku hiyohiyo. Kampuni za China kama Empyrean zilipata sababu ya kuharakisha. Kwenye analogi na skrini wako vizuri. Mtiririko mzima wa kidijitali wa teknolojia za mbele ndio mgumu, kwani bila kiwanda cha kukupa vipimo vya silikoni halisi huwezi kusahihisha modeli zako.

Ushauri wa kiufundi kwa timu yoyote: mkataba ukikaribia kuisha, toa netilisti (orodha ya mageti na miunganiko), SDC (masharti ya taimingi), SPEF (ukinzani na kapasitansi za nyaya), LEF/DEF (mpangilio) na GDS (mchoro wa mwisho) ya kila kizuizi kilichokamilika. Mafaili hayo yanasomeka na programu nyingine. Hifadhidata ya ndani ya programu haisomeki.

#15 mgeni_wa_RTL

Shukrani wakuu. La mwisho: Verilator imepita majaribio yote, LibreLane imemaliza bila kosa la DRC wala LVS. Nipeleke?

#16 Flopu_Ishirini

Bado. Verilator kwa sehemu kubwa inafanya kazi na 0 na 1 tu, haibebi X (thamani isiyojulikana). Rejista ambayo hukuipa risiti (reset, ishara ya kurudisha thamani ya mwanzo) inaweza kuanza na thamani nzuri kwa bahati, na jaribio likapita. Chukua netilisti ya mwisho yenye seli za SKY130, iendeshe kwenye Icarus pamoja na modeli za seli, bila kulazimisha thamani za mwanzo. Ishara za nje zikibaki X baada ya risiti kuachiwa, fuata nyuma hadi flopu ya kwanza isiyo na risiti.

Kisha fungua ripoti ya Yosys utafute neno "latch" (hifadhi isiyofuata ukingo wa saa). Kama lipo na hukulikusudia, kuna "case" isiyo na "default" au "if" isiyo na "else" kwenye mantiki ya kombinesheni (isiyo na kumbukumbu). Rekebisha, rudia mtiririko wote, soma ripoti za taimingi za kona zote na si ile ya kawaida peke yake. Hapo peleka.